Kamera ya angani isipotambuliwa na tarakilishi, hitilafu huwa wapi?

NDEGE inayopiga picha za Milima ya Taita haina muda wa kupoteza. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, ambayo kilele chake cha Vuria kina urefu wa mita 2,208, na mawingu huweza kuifunika misitu wakati wowote. Iwapo kamera haitaonekana kwenye tarakilishi wakati huo, safari hupotea pamoja na gharama ya kukodi ndege.

Kazi hiyo si ngeni Taita Taveta. Mnamo Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti mjini Wundanyi, waliipiga picha milima hiyo kutoka angani kwa kamera ya dijitali. Februari 2013 walitumia AisaEAGLE, kamera inayouchambua mwanga katika rangi nyingi, zikiwemo zisizoonekana kwa macho. Picha za aina hiyo huonyesha mahali msitu ulipopungua na miti iliyosalia.

Kamera nyingi za kitaalamu hazihifadhi picha ndani yake. Hutuma data kwa waya hadi kwenye kadi ya kunasa picha iliyo ndani ya tarakilishi. Kadi inapotangaza kuwa hakuna kamera, wengi hudhani kamera imekufa. Mara nyingi sivyo.

Jambo la kwanza ni umeme. Taa ya kamera ikiwaka haimaanishi kwamba umeme unatosha. Betri dhaifu huweza kuiwasha taa na kushindwa kuiendesha kamera.

La pili ni waya. Kamera ya dijitali hutuma mapigo ya kupima muda pamoja na data, na kadi isipoyapata huamua kwamba hakuna kitu. Katika mfumo wa Camera Link, uliozinduliwa mwaka wa 2000, baadhi ya kamera huhitaji waya mbili. Waya hizo zikibadilishana nafasi, au moja ikilegea kwa mtikisiko wa barabara, picha haitokei. Umeme uzimwe kabla ya kuzichomoa, la sivyo kadi huweza kuungua.

La tatu ni lugha. Faili ya mipangilio huieleza kadi upana wa picha, urefu wake na idadi ya biti. Ikiwa ni ya kamera nyingine, ishara hufika lakini haieleweki. Aidha, kadi iliyoundwa kwa video za analogi haiwezi kuisoma kamera ya dijitali, hata waya zikibadilishwa mara ngapi.

La nne ni amri. Kamera iliyopangwa kusubiri amri kutoka kifaa cha nje hubaki kimya hadi ipigiwe. Ikirudishwa kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, na kuagizwa kutoa picha yake ya majaribio, ukweli hujulikana mara moja: picha hiyo ikionekana, waya na kadi ni nzima.

Fundi abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati, la sivyo hatajua kilichoponya. Na ukaguzi huo ufanywe ndege ikiwa bado katika kiwanja cha Ikanga, Voi, kwani juu ya milima mawingu hayamsubiri mtu.