Umedahiliwa Udaktari Vyuo Viwili? Chagua Wodi

Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ikishatoa majina ya waliodahiliwa, simu yangu haitulii. Binti wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) amechaguliwa udaktari vyuo viwili, wakati mwingine vitatu, na nyumba imegawanyika. Baba anataka Muhimbili, basi. Mama anapendelea Bugando kwa kuwa Mwanza kuna shangazi wa kumwangalia. Mwenyewe anataka kule walikochaguliwa wenzake. Siku za kuthibitisha zinahesabika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huko wodini mtoto atafanya nini.

Wasiwasi wa jina la chuo tuutoe kwanza. Usome MUHAS (ndiyo Muhimbili), KCMC kule Moshi, Bugando, Chuo Kikuu cha Dodoma au Hubert Kairuki, utasoma miaka 5, utafanya mwaka 1 wa utarajali, kisha utaomba usajili kamili Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni haina daraja la chuo. Sifa ya Muhimbili si ya bure: mafunzo ya udaktari nchini yalianzia pale mwaka 1963, na kwa takriban miaka 30 waliotaka shahada ya udaktari bila kuvuka mpaka hawakuwa na pengine pa kwenda. Wazazi wengi wamekulia katika kumbukumbu hiyo. Ila mambo yamebadilika. Kairuki na chuo cha KCMC vilianza mwaka 1997, Bugando ikafuata 2003. Na hospitali zenyewe za KCMC na Bugando zilikuwa zikipokea rufaa za kanda tangu 1971, muda mrefu kabla ya kuwa na vyuo vya shahada.

Miaka 2 ya mwanzo haitofautiani sana. Anatomia ni anatomia popote, ingawa inafaa kuuliza mnagawana maiti moja ya kujifunzia wanafunzi wangapi. Tofauti inaanza mwaka wa tatu, mkiingia wodini.

Chukua raundi ya asubuhi katika hospitali kubwa ya rufaa. Kitanda kimoja, makoti meupe ishirini. Bingwa anauliza nani ameipapasa bandama ya huyu mgonjwa. Walioipapasa ni wawili waliosimama ubavuni mwake. Aliye nyuma anaandika jibu kwenye kijidaftari, tumbo lenyewe hajaliona. Hospitali ya namna hiyo ina magonjwa ambayo kwingine utayasoma vitabuni tu. Pale Muhimbili pekee, ndani ya eneo moja kuna taasisi ya mifupa, MOI, na ile ya moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini mbele yako kwenye foleni yupo bingwa, yupo anayesomea ubingwa, yupo mtarajali, ndipo zamu yako ifike. Jino la pembe si dawa ya pengo: kuona upasuaji wa moyo kwa mbali hakukufundishi kumzalisha mama saa nane usiku.

Ndiyo maana sidharau chuo kinachopeleka wanafunzi wake hospitali ya mkoa, au kile cha Mtakatifu Fransisko kule Ifakara. Malaria kali ya mtoto, kidole tumbo, mama aliyekwama leba: hayo ndiyo utakayokutana nayo ukipangiwa wilayani, na wengi mtapangiwa huko. Mimi, kwa anayetaka kuwa daktari wa kawaida aliye mahiri, ningeweka mikono mbele ya jina. Anayeota utafiti au ubingwa bobezi ana sababu nzuri ya kubanana kwenye foleni ya Muhimbili.

Pesa isemwe wazi. Ada ya chuo binafsi na ya umma hupishana kwa mamilioni ya shilingi kwa mwaka, na mkopo wa Bodi ya Mikopo si lazima ufunike pengo lote. Zidisha kwa 5, ongeza chumba na nauli ya kwenda hospitali, ndipo mzazi aseme ataweza. Kukwama ada mwaka wa tatu kunauma kuliko kukosa nafasi mwanzoni.

Kagua pia kama programu yenyewe, si chuo tu, ina ithibati ya TCU. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ilizuia baadhi ya programu tu huku chuo kikiendelea.

Kabla hujaingiza namba ya kuthibitisha chuo ulichochagua, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo, si ofisa udahili. Muulize amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake, kwenye kitanda kimoja wanasimama wangapi, na nani anayesaini logibuku yake (daftari la kazi alizofanya wodini), bingwa aliyemwona akifanya kazi au mtu wa ofisini mwisho wa muhula. Akisita kwenye swali la kwanza, mpigie wa chuo cha pili.