Mji Mkongwe kwa Jua la Utosi

Vitabu vya upigaji picha kutoka Ulaya na Marekani humhimiza msafiri asubiri mwanga wa dhahabu wa machweo. Waandishi wake wengi hupigia picha nchi ambako jua hushuka kwa mshazari, bila haraka. Zanzibar iko takribani digrii 6 kusini mwa ikweta, na huko jua huzama karibu wima: likibakiza digrii 6 kufikia upeo wa macho, una kama dakika 25. Ukizitumia kudai chenji ya maji ya kunywa, basi tena.

Mgeni wa siku moja hata hizo hazipati. Amekuja kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na atarudi na ya alasiri. Aliloachiwa ni jua la utosi, ambalo vitabu vilevile vimelilaani.

Kwa maoni yangu, laana hiyo haiugusi Mji Mkongwe. Vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba zimekwenda juu, hivyo asubuhi na jioni jua halifiki chini. Adhuhuri, hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba linapopita utosini kabisa, jua huangukia njia na kipande cha ukuta wa chokaa, nao ukuta huurudisha mwanga upande wa pili ukiwa umelainika. Unayempiga picha (baada ya kumwomba, ndiyo) asimame kivulini, uso akiuelekeza kwenye ukuta unaong'aa.

Kamera nayo isaidiwe. Kipimo chake hudhani dunia nzima ni ya kijivu: ukuta mweupe hutoka mchafu, mlango mweusi wa nakshi hutoka umepauka. Ukuta uuongezee mwanga, mlango uupunguzie. Ndani ya soko la Darajani pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila kuona haya, kwa sababu chenga husafishika baadaye, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Lenzi ya milimita 50 ikishikwa mkononi haitaki kasi iliyo chini ya 1/50 ya sekunde. Mkono wa muuza samaki unataka 1/250. Stendi ya miguu mitatu ibaki Dar. Vichochoro hivyo hupita Vespa pia, na waendeshaji wake hawana subira na sanaa.

Muda ndio mgumu zaidi. Anayetaka Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini, Forodhani na kila mlango wenye njumu ataondoka na ushahidi kwamba alitembea sana. Heri achague kichochoro kimoja chenye mwanga, apange kamera, kisha awaache watu wapite.

Sura ya mji upande wa bahari asiihangaikie anapowasili: inatazama magharibi, na asubuhi jua liko nyuma yake. Alasiri linaimulika barabara. Boti ikiondoka, aende nyuma na kasi ya 1/500, awahi kabla ya wenye kichefuchefu.