Bomba la Vumbi Karakanani: Plastiki au Bati?

Apitaye Keko, Dar es Salaam, siku ya kazi, hulihisi vumbi la mbao kooni kabla hajamaliza kuzitazama samani zilizopangwa kando ya barabara. Vumbi hilo si uchafu tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Na fundi arudipo jioni hulibeba katika nguo zake mpaka kwa mkewe na watoto.

Kwa hiyo fundi aliyenunua feni ya kunyonya vumbi anastahili sifa. Shida huanza atafutapo bomba la kuiunganisha na msumeno na randa. Bomba la plastiki la maji machafu limo katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na viungo vyake hushikana barabara. Je, lafaa?

Plastiki haipitishi umeme. Chembe kavu za mbao zikipita kwa kasi huisugua, na umeme tuli hujikusanya juu ya bomba bila kupata njia ya kushuka ardhini. Wako wanaolizungushia waya wa shaba wakidhani wamelitibu. Waya huo huondoa umeme pale tu ulipogusa. Tuseme kweli: mlipuko ndani ya bomba la karakana ndogo ni jambo la nadra, kwani vumbi lipitalo humo aghalabu ni haba kwa kulinganisha na hewa. Hatari ya karibu zaidi ni fundi kushtuliwa na cheche mkono wake ukiwa karibu na meno ya msumeno. Vumbi lililorundikana ni habari nyingine: tarehe 17 Julai 2015, huko Bosley, Uingereza, kiwanda cha kusaga unga wa mbao kililipuka na watu 4 wakafa.

Bati, basi. Mafundi bati wa Gerezani waweza kukunja bomba la duara kwa kipimo utakachowapa. Waombe geji 26 au 24. Bati la kuezekea la geji 30 ni jembamba mno (namba ikizidi, unene hupungua), na bomba pana la bati hilo laweza kubonyea feni ikivuta. Upana nao una hesabu yake. Vumbi la mbao lahitaji hewa iendayo kama meta 20 kwa sekunde, ama sivyo hulala bombani. Bomba la milimita 150 lina nafasi mara 2 na robo ya lile la milimita 100. Feni ndogo isibebeshwe mzigo huo. Kona ziwe za mviringo mpana. Bomba laini la kunyumbuka liwe fupi, na waya uliomo ndani yake ufungwe kwenye bati ncha zote mbili; kisha bomba zima liunganishwe na waya wa ethi. Mfuko wa vumbi ukae nje, mbali na wachezapo watoto.

Kupima ni rahisi. Zima umeme wa mashine zote, chukua betri, balbu ya tochi na waya mrefu, uunganishe bati la mwisho kabisa na mwili wa feni. Balbu ikikataa kuwaka, tafuta kiungo chenye rangi au kutu, ukikwangue, ukikaze kwa skrubu, halafu upime tena.