Pua ya Mbwa na Nyoka Asiyekimbia

Muulize mwenye mbwa anayeishi Karen au Lang'ata anaogopa nini akitoka matembezini, atakwambia chui. Si hofu ya bure. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko wazi upande wa kusini, na hata penye uzio chui hapati shida kupita. Mbwa kwake ni kitoweo. Lakini huwinda zaidi gizani, kwa hiyo anayetembeza mbwa jua likiwa juu na kumlaza ndani usiku ameshaikwepa sehemu kubwa ya balaa hilo.

Mimi, kama daktari wa wanyama, namhofia zaidi bafe. Nyoka wengi wakisikia vishindo hujiondokea. Bafe hatikisiki. Hujilalia kando ya njia, mnene, mwenye rangi ya majani makavu, akitegemea kutoonekana. Wewe waweza kumpita hatua moja tu na usijue. Mbwa hampiti, lazima amnuse. Ndiyo sababu mara nyingi huumwa puani, mdomoni au miguu ya mbele. Uvimbe huja upesi, na sumu huanza kuharibu nyama ya mahali palipoumwa.

Hapo usimfunge kamba kukaza mguu, usimchanje kwa wembe, wala usibandike lile jiwe jeusi linalosifiwa sana. Mbebe hadi kwenye gari, maana akitembea sumu husambaa haraka. Mkiwa njiani piga simu kliniki uulize kama dawa ya kuzima sumu ya nyoka ipo. Si kila kliniki huiweka.

Swila atemaye mate ana hila nyingine: hulenga macho. Mbwa hulia, hufumba macho na kuanza kujikwaruza usoni. Mshike asijisugue, umwoshe macho kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa, kisha mpeleke akapimwe mboni. Wapo wanaoapa kwa maziwa. Maji yanatosha, mradi umeyabeba.

Haya yote huwa machache mbwa akiwa kwenye kamba fupi, ya mita 2 hivi. Zile kamba za kujikunjua humwacha atangulie mbali, akafika kichakani kabla yako. Katika Msitu wa Karura kamba ni sharti, ingawa wapo wanaoifungua mara tu mlinzi akiwapa kisogo, kana kwamba sharti liliwekwa kwa ajili ya mlinzi. Pongo dume akibanwa na mbwa hugeuka na kutumia pembe, na ncha zake ni kali. Nyani dume naye ana chonge za kumpasua mbwa mkubwa.

Mbwa naye huwadhuru wanyama wa porini. Mwaka 1994 takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi, na watafiti waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Virusi hivyo havihitaji kuumana. Huenea hata kwa kohozi na mafua. Basi chanjo ya distempa iende sambamba na ile ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbweha na nguchiro pia huugua kichaa na kukiambukiza. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake za mwanzo, kwa kawaida akiwa na wiki 16 hivi, na achezee uani kwanza.