Umeshaapdeti Linux? Seva yako huenda bado inatumia toleo la zamani

Seva imeapdetiwa, ujumbe unasema kila kitu kiko sawa, fundi anakwenda kulala. Kumbe tundu lililodaiwa kuzibwa bado liko wazi.

Iko hivi. Kwenye Linux, sasisho hubadilisha faili zilizo kwenye diski. Programu iliyokuwa inafanya kazi tayari ilishapakia faili ya zamani kwenye RAM, na itaendelea kuitumia hadi izimwe na kuwashwa tena. Hiyo inaweza kuwa wiki au hata miezi. Seva si simu, wapo wanaojivunia kutoizima mwaka mzima.

Mfano mkubwa ni Heartbleed, Aprili 2014. Kasoro ndani ya OpenSSL ilimruhusu mtu aliye mbali kusoma vipande vya RAM ya seva, ambavyo vingeweza kuwa na nywila na funguo za siri. Toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, lilitoka Aprili 7. Lakini msimamizi aliyeliweka bila kuwasha upya nginx au Apache aliendelea kuwa hatarini huku akijiona salama.

Kazi ijifanye yenyewe

Debian na Ubuntu zina unattended-upgrades, inayoweka masasisho ya usalama bila mtu kugusa kitu. Baada ya hapo needrestart hupita ikikagua ni programu zipi bado zimeshikilia faili za zamani, kisha inaziwasha upya au inakuuliza kwanza. Kwenye Arch unaandika maelekezo yako ndani ya /etc/pacman.d/hooks: kifurushi fulani kikibadilika, endesha amri hii.

Kerneli ikibadilika, kwa kawaida mashine nzima inatakiwa kuwashwa upya. Unattended-upgrades inaweza kufanya hivyo kwa saa utakayopanga. Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: saa nane usiku huandikwa 02:00. Ukiweka 08:00, seva itazima saa mbili asubuhi, watu ndio wanaingia kazini.

Mlinzi naye alikuwa na tundu

Zana hizi hufanya kazi kwa mamlaka ya root, yaani zina ruhusa ya kila kitu. Novemba 2024, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro tano ndani ya needrestart yenyewe, zilizokaa humo takriban miaka 10. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye seva angeweza kuzitumia kujipa mamlaka ya root. Toleo 3.8 lilizirekebisha, na Ubuntu ikapeleka marekebisho hadi kwenye matoleo yake ya nyuma, kwa hiyo apdeti ya kawaida inatosha.

Ukitaka kujua seva yako imekaaje sasa hivi, andika: sudo needrestart -r l. Itakuorodheshea tu programu zinazohitaji kuwashwa upya, haitazima chochote.