Kitabu cha kanuni kikishauzwa, mchezo ni wa nani?

Dama haina mchapishaji. Kadibodi iliyochorwa miraba, vifuniko vya chupa, vingine chali na vingine kifudifudi, na watu wawili wanaotazamana: mchezo umeanza, iwe Beni, iwe Butembo. Hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kutangaza kwamba kete sasa zitatembea kwa namna nyingine. Michezo ya uhusika ya mezani haina uhuru huo. Ina kitabu, ina hakimiliki, ina mmiliki, na wanaoipenda hawaachi kuulizana kama mmiliki huyo anaitunza vizuri.

Kwa asiyeifahamu, huchezwa na watu wanne au watano kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi, anayeeleza mahali na yanayotokea. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, mwenye jina, uwezo na udhaifu ulioandikwa kwenye karatasi, na ndiye anayesema mhusika huyo anafanya nini. Likitokea jambo lenye mashaka, kama kuvuka mto uliofurika au kumshawishi askari wa bariera, dadu hurushwa na kanuni huamua. Hakuna bingwa. Kinachopatikana ni hadithi ambayo hakuna hata mmoja mezani aliyeijua kabla.

Nguvu ya watu kukubaliana juu ya kanuni na kuzitenda wenyewe si ngeni kwetu. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ya Kongo, CENI, iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Tarehe 30, sehemu kubwa ya nchi ilipokuwa ikipiga kura, watu wa Beni walijipangia vituo vyao, wakasimama foleni na kutumbukiza karatasi zao masandukuni. Haukuwa mchezo, yalikuwa madai ya raia walionyimwa haki yao. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jambo ambalo wachapishaji wa michezo husahau mara kwa mara: kanuni zikishaingia vichwani mwa watu, haziishi tena katika ofisi ya aliyeziandika peke yake.

Mkubwa wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974 na kampuni ya TSR. TSR iliukuza, kisha ikausonga. Ilitoa dunia nyingi za hadithi, kila moja na vitabu vyake, mpaka wanunuzi wakagawanyika, na vitabu visivyouzwa vikarudishwa kutoka madukani vikiwa deni. Mwaka 1997 ilinunuliwa na Wizards of the Coast, ambayo nayo ilinunuliwa na Hasbro mwaka 1999.

Katika magofu hayo ndimo lilimotoka wazo zuri kuliko yote katika biashara hii. Mwaka 2000, kwa msukumo wa Ryan Dancey, Wizards ilitoa leseni ya wazi iliyojulikana kwa herufi OGL. Mtu yeyote aliruhusiwa kutumia kanuni za msingi, kuandika visa vyake na kuviuza bila kulipa chochote. Hoja ilikuwa ya kibiashara kabisa: kadiri watu wengi wanavyoandikia mchezo mmoja, ndivyo kitabu chake kikuu kinavyouzika. Wachapishaji wadogo wengi walijenga maisha yao juu ya ahadi hiyo.

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ile ya zamani ingefutwa. Mchapishaji mwenye mapato yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka angetozwa hadi asilimia 25 ya kile kilichozidi, na kampuni ingejipa haki ya kutumia kazi za wengine. Wachezaji walifuta usajili wao wa mtandaoni kwa wingi. Kampuni ilipolegeza rasimu na kuomba maoni, zaidi ya watu 15,000 walijibu, na asilimia 88 wakasema hawataki kuchapisha chini ya leseni hiyo.

Walio wengi kati ya waliokasirika wasingefikia kamwe dola 750,000. Kwa nini basi hasira yote ile? Aliyewahi kucheza likirimba sokoni, ule mchango wa kupokea kwa zamu, anajua. Mshika daftari akibadilisha utaratibu wa zamu wakati watu wameshaanza kutoa, hata yule ambaye zamu yake haikuguswa anadai arudishiwe pesa yake, kwa kuwa kilichoguswa ni neno lililowakusanya.

Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ilirudi nyuma, tena ikapiga hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Waraka wa kanuni za msingi, wenye kurasa takriban 400, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kubatilishwa. Nauona huo kuwa uamuzi bora wa Wizards katika miaka mingi, ingawa ililazimishwa kuufanya. Utunzaji mzuri wa mchezo ni ule unaomfunga hata mkurugenzi ajaye asiyeupenda.

Ila tabia haikubadilika kabisa. Mwaka 2022 Hasbro ilikuwa imenunua D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya kusomea vitabu na kutunzia wahusika, kwa dola milioni 146.3. Agosti 2024, toleo jipya lilipokaribia, ilitangazwa kwamba katika karatasi za wahusika za huko, kanuni za uchawi za zamani zingefunikwa na mpya. Watu walikuwa wamezinunua. Baada ya siku chache za malalamiko mpango ukaachwa. Kitabu cha karatasi kilichoko nyumbani Bulengera hakibadiliki usiku mwenyewe akiwa amelala.

Sisi tunapaswa kupima wachapishaji kwa kipimo chetu. Kitabu kikuu cha toleo la 2024 kilipotoka kiliuzwa huko kwao karibu dola 50, kabla ya meli, Mombasa, lori na ushuru wa mpakani Kasindi. Umeme hukatika, na mega za intaneti hununuliwa kidogokidogo. Kwa hiyo mchezo unaotunzwa vizuri, ukitazamwa kutoka Butembo, ni ule ambao faili lake ni jepesi, halidai akaunti, linaweza kuchapwa kwenye sekretaria ya mtaani na kuendelea kufaa miaka kumi baadaye hata kampuni ikifa. Waraka wa mwaka 2023 unafaulu mtihani huo, na upo kwa Kifaransa pia, lugha ya shule zetu. Mtu wa Butembo anaweza kuutafsiri kwa Kiswahili au Kinande, akauza, mradi ataje alikoutoa. Asichoweza ni kujitwalia jina na nembo ya mchezo, au dunia za hadithi zisizomo katika waraka.

Wapo wanaofanya vizuri zaidi. Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, huacha kanuni zote zisomwe bure mtandaoni na bado wanauza vitabu. Evil Hat walitoa Fate mwaka 2013 kwa leseni ya wazi. Mchezo huo hutumia dadu nne maalumu, lakini dadu za ludo zinatosha: 1 na 2 ni kutoa, 3 na 4 ni sifuri, 5 na 6 ni kujumlisha. Kwa kundi linaloanza Beni, ningeshauri huo.

Na kwa Beni kuna jambo jingine ambalo halina uhusiano na bei. Michezo mingi ya aina hii imejengwa juu ya mapambano, uvamizi wa usiku na vijiji vinavyochomwa. Tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014, kuna familia hapa ambazo mambo hayo ni msiba wao wenyewe. Mwaka 2013 John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye alama ya X iwekwe mezani: mchezaji akiigusa, jambo lililotajwa linaondolewa katika hadithi, wala haulizwi sababu. Mchapishaji anayeeleza utaratibu wa namna hiyo katika kurasa za mwanzo anawajali watu atakaowauzia. Anayeuacha nje ameandikia meza moja tu, ya watu ambao vita kwao ni hadithi.

Kijana wa Butembo atakayeandika mchezo wake mwenyewe, tuseme wa wachuuzi na madereva kati ya Kasindi na Lubero, asingoje mpaka afanikiwe ndipo afikirie leseni. Aiandike siku ya kwanza: kanuni ziwe wazi kwa yeyote, wahusika na masimulizi yabaki yake. Aweke kauli hiyo katika ukurasa wa pili wa kila nakala, kwa lugha ambayo mwenye fotokopi naye ataielewa.