Shofere, macho yako yako wapi?

Wandugu mashofere, kabla ya kusoma zaidi fanyeni jaribio hili dogo. Ingia katika motokari yako ikiwa imesimama, mota imezimwa, kisha funga macho. Mkono wako utafute ile fimbo ya taa za kuonyesha upande, nyuma ya volani. Utafute honi. Utafute fimbo ya vifagio vya kioo. Aliyeendesha gari lile lile kwa miaka atavigusa vyote bila kukosa, kama mama anavyoshika chumvi jikoni wakati umeme umekatika. Mkono haukufundishwa kwa maneno. Umejifunza kwa kurudia mara maelfu, na sasa unafanya kazi yake huku macho yakibaki barabarani.

Ninawaambia haya kwa sababu ya ubishi uliotokea majuzi garajini kwetu. Kijana mmoja alionyesha katika telefone picha za Tesla Model 3, gari la umeme la Marekani, ambalo nyuma ya volani halina fimbo hata moja. Wengine walisema hayo ndiyo maendeleo. Wengine walisema shofere atakufa nalo siku ya kwanza. Nikaitwa mimi niamue. Mimi si fundi wa magari, kazi yangu ni kushona vidonda na kupima damu pale dispansere. Lakini jambo hili ni la macho, vidole na ubongo, na hapo nina la kusema.

Kwanza mjue gari lenyewe. Model 3 iliyogeuzwa ilionyeshwa Septemba 2023. Taa za upande ziliwekwa kuwa vitufe viwili juu ya volani yenyewe, upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine. Kwenda mbele au kurudi nyuma hakuna tena fimbo ya vitesi: unasukuma kwa kidole juu ya kioo kikubwa kilicho katikati, kama unavyosukuma picha katika telefone. Vifagio vina kitufe upande wa kuume, na mengine ya vifagio hivyo unayatafuta katika kile kioo.

Walioliendesha walisema nini? Walilisifu kwa mengi. Linakwenda kwa ulaini kuliko lile la mbele, halina kelele, na viti vinapitisha hewa. Lakini juu ya vitufe vya taa waligawanyika. Kundi moja lilisema, nilizoea baada ya siku chache, sasa sioni shida. Kundi la pili lilisema, ninapozunguka katika mzunguko wa barabara, volani imegeuka, na kitufe kimegeuka pamoja nayo. Cha juu sasa kiko chini au pembeni, sijui ninabonyeza kushoto au kuume.

Ninayaamini makundi yote mawili. Katika barabara iliyonyooka volani haigeuki sana, na kitufe kinakaa mahali pake. Hapo mkono unajifunza upesi. Katika mzunguko mambo ni mengine. Fimbo ya zamani haizunguki na volani, inakungoja mahali pale pale. Kitufe kinahama, nawe unatakiwa kuonyesha ishara ya kutoka wakati ule ule volani imepinda. Mkono ukikosa, jicho linashuka kuusaidia. Ugonjwa ninaousema leo ni huo wa jicho kushuka.

Hesabuni pamoja nami. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa linapita meta 11 kila sekunde. Ukitazama chini sekunde mbili umekwenda meta 22 kama kipofu. Kwa kilometa 60 kwa saa, sekunde hizo mbili ni meta 33. Mtoto anayevuka kutoka nyuma ya lori haombi hata sekunde moja.

Msidhani ni habari ya wazungu na umeme wao tu. Sisi wa Bukavu tuna mabadiliko yetu ya vyombo, na tunayaendesha kila siku. Sheria yetu ni kupita upande wa kuume, na Land Cruiser za kazi zina volani kushoto. Lakini minibasi na taksi nyingi za mji zilitoka Japani, volani yake iko kuume, na ndani yake fimbo zimebadilishana: ya ishara iko upande wa kuume wa volani, ya vifagio iko kushoto. Pedali peke yake hazikubadilika. Freni iko katikati katika magari yote mawili, ndiyo maana mguu haukosei na mkono unakosea.

Shofere mmoja wa kwetu, mwenye zaidi ya miaka ishirini ya kazi na bila kosa hata moja, aliazima minibasi ya shemeji yake siku ya mapumziko. Alipofika Place de l'Indépendance alitaka kuonyesha upande. Mkono wa kushoto ukaenda ulikozoea. Badala ya taa, vifagio vikaanza kukwangua kioo kikavu. Akainama kuvizima. Aliponyanyua kichwa, pikipiki ilikuwa mbele yake. Kijana wa pikipiki alivunjika mfupa wa bega, nami ndiye niliyemfunga mkono kwa kitambaa kabla ya kumpeleka hospitali. Yule shofere alikaa benchini na kurudia neno moja: "Nilijua fimbo iko upande gani. Nilijua." Alisema kweli. Kichwa kilijua, mkono haukuwa umeambiwa.

Sasa ongezeni juu ya hayo kioo cha kugusa. Fimbo au kitufe chenye nundu unakitambua kwa kidole. Kioo ni laini kote, kidole hakisomi kitu, lazima jicho liende kwanza. Barabara ikiwa na mashimo, kidole kinarukaruka na kubonyeza pengine. Kidole chenye maji au tope mara nyingi hakisikiwi na kioo, na glovu za kazi nzito ndizo mbaya zaidi.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili. Walichukua magari mapya 11 na Volvo moja ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida, wakawapa mashofere kazi ndogo kama kuwasha redio na kuongeza joto, kwa mwendo wa kilometa 110 kwa saa. Ile Volvo ya zamani ilimaliza kazi nne katika sekunde 10, ikiwa imekwenda meta 306. Gari la umeme la MG Marvel R lilihitaji sekunde 44.6, na katika muda huo likapita meta 1,372. Na mashofere walikuwa wamepewa nafasi ya kulijua gari kabla ya kupimwa!

Ujerumani lilitokea jambo lingine. Shofere wa Tesla alikuwa katika mvua kubwa, akitafuta katika kioo namna ya kuongeza mwendo wa vifagio. Akatoka barabarani na kugonga miti. Mwaka 2020 mahakama ya Karlsruhe ilimhukumu kama mtu aliyeshika chombo cha umeme akiendesha: faini ya euro 200 na mwezi mmoja bila kuendesha. Sisi tunaoijua mvua ya Bukavu, inayoanguka ghafula kama mtu amepindua ndoo, tutamwonea huruma mtu yule. Kwa vifagio hakuna muda wa kutafuta.

Kuna jambo jingine ambalo mashofere wakubwa hawapendi kulisikia. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ndani ya jicho inapoteza ulaini wake. Unaona vizuri lori lililo mbali, lakini maandishi yaliyo karibu yanakuwa na ukungu, nawe unarudisha gazeti nyuma ili ulisome. Si aibu, ni umri. Lakini mtu wa namna hiyo akitazama kioo cha gari na kurudi barabarani, jicho lake linachelewa mara mbili, kwenda na kurudi. Miwani ya kusomea haimsaidii, kwa sababu akiivaa barabara ndiyo inayopata ukungu. Kijana wa miaka 25 aliyesema "nilizoea kwa siku tatu" hasemi uongo. Anasema habari ya macho yake.

Malalamiko ya mashofere hayakupotea bure. Volkswagen ilitangaza mwaka 2022 kwamba itarudisha vitufe vya kweli katika volani. Tesla ilipobadilisha gari lake jingine, Model Y, mwaka 2025, iliiacha fimbo ya ishara, na mwaka huo huo ikaanza kuirudisha katika Model 3. Euro NCAP, chama kinachopima usalama wa magari Ulaya, kimeweka kwamba tangu Januari 2026 gari linalotaka alama za juu liwe na vyombo vya kushika kwa mkono kwa mambo matano: taa za upande, taa za hatari, honi, vifagio, na kuita msaada. Ningefurahi kama mtu angefikiria hivyo kabla ya kutengeneza, lakini haya.

Magari ya umeme yatafika. Volkswagen iliyaleta Kigali tangu 2019, na betri za magari mengi ya namna hiyo zina kobalti ya Kolwezi, kwa hiyo nasi ni wenye mali. Siku ukipewa funguo za gari usilolijua, la umeme au la mazuti, usiwashe uondoke. Kaa robo saa likiwa limesimama. Washa taa za kushoto na kuume mara ishirini, vifagio mara kumi, honi, taa za hatari, kisha rudia ukiwa umepindisha volani. Fanya tena ukiwa umefumba macho. Weka hewa na redio kabla ya kutoka getini. Mwenzako akikuharakisha, mwambie umetumwa na dispansere.

Mashofere wote wenye miaka 40 na zaidi, macho yanapimwa dispansere Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla ya safari. Mwenye miwani aje nayo.